Nilivyochagua mashine ya boti yangu ya kuvulia Tanga

Boti yangu ni ya faiba, ina urefu wa mita 5.8, na huitumia mwisho wa juma kuvua kwa burudani pamoja na ndugu na marafiki. Tunatoka ghuba ya Tanga, tunaviacha nyuma visiwa vya Ulenge na Yambe, kisha tunarambaza, yaani tunavuta mishipi nyuma ya boti inayokwenda, ukingoni mwa mlango bahari wa Pemba, ambako kina huporomoka ghafla hadi mamia ya mita na ndiko wanakopita nguru na jodari. Mashine iliyokuja na boti ilipochakaa, sikutaka kuharakisha kununua nyingine. Mkondo wa bahari katika pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo mashine ikizima huko nje boti hairudishwi Tanga bali husukumwa upande wa Moa na mpaka wa Kenya. Na wakati wa kaskazi, upepo unapovuma kinyume cha mkondo huo, mawimbi huwa mafupi na yenye kusimama wima, jambo ambalo kwa boti ndogo isiyo na mwendo ni hatari ya kweli.

Suala la nguvu lilikuwa jepesi kwangu. Boti ya ukubwa huu, ikiwa na watu wanne, barafu na petroli ya kutosha, huhitaji nguvu farasi 40 ili inyanyuke vizuri juu ya maji. Kazi ngumu ilikuwa kuamua kati ya mashine za mipigo miwili, yaani zile ambazo oili huchanganywa ndani ya petroli, na zile za mipigo minne zenye oili yake peke yake kama injini ya gari.

Mashine za mipigo minne zina sifa ambazo hakuna mtu mkweli atakayezikana. Hutumia petroli kidogo zaidi, hazitoi moshi mwingi, na katika kurambaza, ambako mtu huenda polepole kwa saa nyingi, hukaa zimetulia bila kuchafua plagi. Marekani na Ulaya sheria za hewa chafu zimeziondoa sokoni mashine mpya za mipigo miwili zenye kabureta, na huko mvuvi wa burudani hana tena haja ya kujiuliza swali langu. Lakini mashine ya nguvu farasi 40 ya mipigo minne huwa na uzito unaokaribia kilo 100, ilhali ya mipigo miwili ya nguvu ileile huwa na kilo sabini na kitu. Tofauti hiyo yote hukaa kwenye ubao wa tezi, yaani nyuma ya boti inapofungwa mashine, mahali palepale wanaposimama watu wawili wakihangaika na mishipi samaki anapovutwa, na tezi ya boti yangu ni ya chini.

Lililonishawishi zaidi, hata hivyo, ni mafundi na vipuri. Nilitembea sehemu ambazo wavuvi hupaki boti, kuanzia Sahare hadi Kigombe, na kuwauliza wanaoishi kwa bahari ni mashine gani wanayoifunga, nani anaitengeneza, na kipuri hupatikana baada ya muda gani. Majibu yalifanana: Yamaha Enduro ya 40, ya mipigo miwili, yenye silinda mbili na kabureta. Wapo mafundi wengi wanaoweza kuifungua na kuifunga wakiwa ufukweni, kwa spana za kawaida. Mashine za mipigo minne zenye kupuliza petroli kwa umeme zinahitaji betri nzuri, na zikipata hitilafu katika vihisi vyake, mara nyingi huhitaji kompyuta ya kuzisomea, ambayo si kila fundi anayo. Naamini kwa dhati kwamba uimara wa mashine ni pamoja na umbali uliopo kati yako na mtu anayeweza kuiamsha, na kwa kipimo hicho mashine iliyo bora kwa mvuvi wa Florida inaweza isiwe bora kwa mvuvi wa Tanga. Nilichagua Enduro, nikijua kwamba nitalipia uamuzi huo kwa petroli: ukiifungua hadi mwisho hula karibu lita 20 kwa saa.

Nilizitazama pia mashine zilizotumika, kwa sababu bei zake huvutia. Mbili nilizozikagua kwa makini zilikuwa zimepakwa rangi mpya, na rangi mpya kwenye mashine ya zamani ni sababu ya kuongeza uangalifu, si kuupunguza. Nilimwomba fundi apime mgandamizo wa silinda, ambazo zinatakiwa zisitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, na alegeze skrubu ya chini ya giaboksi ili tuione oili. Moja ilitoa oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ishara kwamba maji yalikuwa yameshaingia kupitia sili. Ya pili ilikuwa na silinda iliyochoka. Uamuzi wa kununua mpya ulijitoa wenyewe, na nikasisitiza nipewe risiti yenye namba ya mashine pamoja na dhamana ya maandishi.

Kabla ya kulipa nilipima kimo cha ubao wa tezi, kwa kuwa mashine huja na mguu mfupi wa inchi 15 au mrefu wa inchi 20, na kosa hapa halirekebishiki kwa urahisi. Kile kibamba kilicho juu ya propela kinatakiwa kiwe sawa na chini ya boti au kishuke kidogo tu. Kikiwa juu, propela hunyonya hewa kwenye wimbi, na kikiwa chini sana, mashine huburuta maji bure. Propela nayo haichaguliwi kwa macho. Nilifunga kipimo cha mizunguko, nikapakia boti kama siku ya kuvua, nikafungua mafuta hadi mwisho. Mashine hii inatakiwa kufikia kati ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika, na yangu ilishindwa kuifikia hiyo 4,500 kwa sababu propela ilikuwa na mkato mkubwa mno, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja. Tulipoibadilisha kwa ile yenye mkato mdogo kwa inchi mbili, injini iliacha kukabwa.

Kwenye oili sibahatishi: nusu lita ya oili maalumu ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3, kwa lita 25 za petroli, na mchanganyiko mzito zaidi katika saa za mwanzo kama kitabu kinavyoelekeza. Petroli yote hupitia chujio linalotenga maji. Pembeni nimefunga mashine ndogo ya nguvu farasi 8, nayo ya mipigo miwili ili itumie mchanganyiko uleule, lakini ina tangi lake peke yake. Mashine mbili zinazokunywa tangi moja huzima pamoja petroli ikiwa na maji. Hiyo ndogo ndiyo tunayorambazia tunapotaka mwendo wa taratibu, na kubwa hubaki bila plagi zake kujaa masizi.

Tukirudi, mashine huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikiwa inanguruma, kwa takriban dakika kumi. Impela ya pampu ya maji nabadilisha kila mwaka hata kama inaonekana nzima, na vipande vya zinki navibadilisha vikishalika nusu, wala sivipaki rangi kamwe, kwa kuwa vikifunikwa na rangi, chumvi itahamia kula aluminiamu ya mashine yenyewe. Plagi na impela nanunua kwa wakala anayetoa risiti, maana bandia ni nyingi na kwa macho hufanana mno na halisi. Iwapo nitahamia boti ya mita saba au zaidi, yenye tezi pana, nitaipima upya mashine ya mipigo minne: uzito hautakuwa tena kikwazo, na petroli itakayookolewa katika safari ndefu itakuwa nyingi, mradi tu awepo fundi wa hapa Tanga mwenye kifaa cha kuisomea.