Kuzima meseji kwa mtu mmoja kulivyowanyima bei wenzake, na nilivyolimaliza tatizo

Kwa wiki mbili niliamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha upya seva. Programu yenyewe ni ndogo, nimeiandika kwa Node.js (chombo cha kuendesha programu za JavaScript kwenye seva): inawatumia wachuuzi wa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, bei ya siku. Kila mtu anachagua kipimo (ndoo au gunia), saa ya meseji, na kama anaitaka au haitaki. Asiyechagua anapata mipangilio ya kawaida: gunia, saa kumi na mbili asubuhi, meseji iwepo.

Ikawa nikiiwasha, wa mwanzo kwenye orodha wanapata, wa mwisho hawapati. Kesho yake karibu wote hawapati. Mama mmoja akanipigia: "Mwanangu, leo nimenunua gizani, bei yako sijaiona." Iliniuma sana. Fundi niliyemwomba ushauri akasema niipange ijiwashe yenyewe kila usiku, yaishe. Ushauri mbaya kabisa! Wa mwanzo wakawa wananishukuru, wa mwisho wakaendelea kuumia kimya, nami nikadhani nimepona.

Jumapili moja nikajifungia nyumbani Nyakato, nikaifanya programu ichapishe mipangilio ya kawaida kabla na baada ya kila mteja. Arobaini wa kwanza, safi. Wa 41 ni mzee wa Igombe aliyezima meseji. Kabla yake: sms: true (itumwe). Baada yake: sms: false (isitumwe). Ikabaki hivyo kwa wote waliomfuata ambao hawakuwahi kuchagua chochote. Niliruka kutoka kwenye kiti.

Mkosaji alikuwa mstari huu: Object.assign(kawaida, chaguo), ambapo kawaida ni mipangilio ya kawaida na chaguo ni alichochagua mteja. Amri hiyo humimina kila kitu ndani ya kile ulichokitaja kwanza, nami nilitaja kawaida. Node.js nayo huisoma faili ya mipangilio mara moja, kisha huwapa wote kilekile ilichokishika. Wateja wangu walikuwa wanachota sufuria moja. Mmoja akitia chumvi, wote wanaila. Nikaandika Object.assign({}, kawaida, chaguo), kila mteja na sufuria yake tupu, ambayo ndiyo hiyo {}. Juu yake nikaweka Object.freeze(kawaida), inayoifunga isibadilishwe. Hapo hakikisha una 'use strict' (mstari unaoifanya JavaScript iwe kali zaidi), maana bila hiyo anayeibadilisha moja kwa moja, mfano kawaida.sms = false, hapati kosa lolote, inakaa kimya tu. Tena Object.freeze hufunga tabaka la juu peke yake; vilivyo ndani zaidi bado hubadilika.

Baadaye mvuvi wa Ukerewe akaomba meseji ya saa sita usiku, awapo ziwani na karabai, aamue kama mzigo aulete Kirumba. Saa hiyo kwenye programu ni 0. Nilikuwa nimeandika chaguo.saa || 6, na alama ile huichukulia 0 kama hakuna kitu, akawa anapata saa kumi na mbili. Tumia ??, ambayo hujaza pale tu penye null au undefined, yaani pasipo na thamani yoyote. Inataka Node.js 14, ya mwaka 2020, au mpya zaidi; yangu ilikuwa 12, nikahama.

Ninalojivunia zaidi ni hili: kwenye hifadhidata naweka kile tu alichobadilisha mteja. Nilipoisogeza saa ya kawaida kutoka 6 hadi 5, wasiochagua walifuata wote bila kugusa rekodi hata moja, na yule wa Ukerewe akabaki na usiku wake.

Yule mama alipiga tena juzi. Anataka niongeze bei ya sangara.