Nilivyokarabati banka za gofu zilizokuwa zikituamisha maji

Banka, yaani shimo la mchanga kwenye uwanja wa gofu, ikibaki na dimbwi siku mbili baada ya mvua, wengi hukimbilia kuagiza mchanga mpya. Mimi huanza na beleshi. Ukimwaga mchanga safi juu ya mfumo wa maji uliokufa, msimu ujao utarudi ulipoanzia, ila safari hii ukiwa na tani 20 za ziada za kubeba kwa toroli.

Siku moja baada ya mvua huchimba vishimo vitatu: katikati ya dimbwi, chini ya ukingo mkali, na juu ya bomba la zamani. Kisha naenda kwenye mdomo wa bomba la kutolea maji. Mchanga ukiwa chepechepe na kokoto zilizo chini yake kavu, basi mchanga wenyewe umejaa tope na hauyaachii maji. Kokoto zikiwa zimejaa maji na mdomo haudondoshi hata tone, bomba limeziba au limepondwa, au mdomo umefukiwa na nyasi. Huo wa kufukiwa hunichekesha: hapo hakuna cha kukarabati, ni jembe na dakika kumi. Hali ya tatu ndiyo inayowapotosha watu: mdomo unatoa maji kwa kasi, na bado banka imejaa.

Hesabu yake iko hivi. Banka ya mita za mraba 120 ikinyeshewa milimita 50 kwa saa hupokea lita 6,000, yaani chini kidogo ya lita 1.7 kwa sekunde. Bomba la milimita 100 lenye mikunjo, likiwa na mteremko wa asilimia 1, hubeba takriban lita 3 hadi 4 kwa sekunde. Linatosha kabisa. Sasa ongeza mteremko wa nyasi wa mita za mraba 600 unaoelekea humo. Hata udongo ukinywa nusu ya mvua, zinaingia lita 15,000 zaidi kwa saa, na jumla inakaribia lita 6 kwa sekunde. Bomba limeshindwa, na maji hayo ya nje yanashuka ukingoni yakiuchana mchanga na kuburuta udongo hadi sakafuni. Udongo huo ndio unaoua banka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza hufanyika nje ya banka. Upande wa juu huinua tuta la sentimita 15 hadi 20, pana mita 2 ili mashine ya kukatia nyasi ipite bila kuchuna, na nyuma yake mfereji mpana wa kina kifupi unaozungusha maji pembeni. Baada ya tuta kama hilo, kuna banka ambazo hazikuhitaji kuchimbwa tena.

Zinazohitaji kuchimbwa, naondoa mchanga wote wa zamani pamoja na sentimita 3 hadi 5 za udongo laini uliogandamana chini yake. Ukiuacha utando ule, utapanda kwenye mchanga mpya mvua ya kwanza. Mchanga uliotoka usirudishwe hata kama kwa macho unaonekana mzuri. Tia kiganja kimoja kwenye chupa ya maji, tikisa, uache itulie: maji yakibaki na rangi ya chai ya maziwa, jibu umelipata. Mchanga huo unafaa kufukia mashimo mahali pengine.

Mitaro naipanga kama mifupa ya samaki. Bomba kuu linafuata mstari wa chini kabisa wa sakafu, na matawi yanaingia kwa viungio vya Y, yakitengana mita 3 hadi 4. Upana wa mtaro ni sentimita 20, na kina si chini ya 30. Mteremko mdogo kabisa ni asilimia 1, ila mimi hulenga 2. Kwa bomba kuu la mita 12 hiyo ni tofauti ya sentimita 24 kati ya kichwa na mwisho, na naipima kwa uzi na pima maji kila mita 2. Usikadirie kwa jicho. Kibonde cha sentimita 2 katikati ya njia kinatosha kutuamisha tope, na tope likishatulia hapo huongezeka kila mvua. Anza kuchimba kutoka mdomoni kwenda juu. Anayeanzia juu mara nyingi hugundua mwishoni kwamba mdomo uko juu kuliko bomba. Udongo unaotoka uwekwe juu ya mbao za plywood, la sivyo ukingo utaharibika kwa matairi na miguu.

Chini ya bomba natandika sentimita 5 za kokoto, bomba linalala matundu yakitazama chini, kisha kokoto zinajazwa hadi usawa wa sakafu. Kokoto ziwe zimeoshwa, za milimita 6 hadi 9. Ukubwa huo una sababu: mchanga wa banka hujijengea daraja juu ya kokoto ndogo na kusimama hapo, lakini kokoto za milimita 20 zina mianya inayoumeza mchanga mpaka bombani. Mimi silivishi bomba soksi ya kitambaa. Chembe laini hujipanga kwenye kitambaa na kukiziba, na hutaiona kasoro hiyo mpaka uchimbe. Kwa mita 40 za mtaro wa kipimo hiki agiza mita za ujazo 2.5 za kokoto. Kichwa cha bomba kuu nakipandisha hadi kwenye nyasi nje ya ukingo na kukifunika kwa kifuniko cha kufunguka. Kuanzia ukingo wa banka hadi mdomoni tumia bomba lisilo na matundu, vinginevyo mizizi itaingia.

Kabla ya kuendelea, namimina lita 200 za maji kwa mkupuo kwenye kichwa cha bomba na kusimama mdomoni. Maji yaanze kutoka haraka na yaishe karibu yote. Yakitoka kwa kudondoka polepole, kuna kibonde, na sasa ndio wakati wa kukifukua.

Kitandiko kati ya udongo na mchanga kinategemea ukali wa kingo. Kitambaa cha jiotekstili, kinachopitisha maji na kuzuia udongo, ni rahisi na hukubali kona, lakini reki ikikinasa kinachomoka, kwa hiyo ukingo wake niliuzika sentimita 15 na kuushikilia kwa pini za waya kila sentimita 30. Pale ambapo kingo ni kali, nilitandika sentimita 5 za kokoto ndogo zilizogandishwa kwa gundi ya polima inayopitisha maji. Kokoto ziwe kavu kabisa siku ya kupuliza gundi. Zikiwa na unyevu hazishiki, na zitaanza kujitokeza kwenye mchanga.

Mchanga: chembe nyingi ziwe kati ya milimita 0.25 na 1, na tope na mfinyanzi kwa pamoja visizidi asilimia 3. Sakafuni sentimita 10 hadi 12, kwenye kingo 5 hadi 6. Sakafu nyembamba zaidi ya hapo hubaki na maji juu, kwa sababu mchanga ulio juu ya kokoto hushikilia tabaka la unyevu chini yake, na ukiwa na kina cha sentimita 5 tu tabaka hilo linafika usoni. Banka ya mita 120 za mraba, sakafu 80 na kingo 40, inataka takriban mita za ujazo 12, karibu tani 19. Humo imo nyongeza ya asilimia 10 kwa ajili ya mchanga kushuka. Mwaga kwa tabaka mbili, lowesha kila moja, shindilia kwa mashine ya bamba. Usipofanya hivyo mpira utazama nusu, na wachezaji watakulaumu wewe kwa miezi.

Baada ya mvua kubwa mchanga ulioshuka upandishwe kwa beleshi siku hiyohiyo, na ukoko wa tope uliobaki sakafuni uchotwe kabla haujakauka na kuvurugwa na reki. Kile kifuniko cha kichwani nakifungua mara mbili kwa mwaka na kuingiza mpira wa maji mpaka mdomo utoe maji safi.