Siku moja maishani mwangu: hita inayopuliza baridi kwenye lori la zamani

Saa 1 asubuhi

Lori limelala uani usiku kucha, na ndivyo nilivyotaka. Jana jioni dereva alitaka tulifungue palepale lilipoingia, likiwa bado linatoa mvuke. Nikamwambia azime, akalale, tuonane asubuhi. Ugonjwa wa hita unasomeka vizuri injini ikianza ikiwa baridi, ukaangalia joto linapanda wapi kwanza na linaishia wapi.

"Fundi, hita imekufa," ananiambia.

Imekufaje? Hapo ndipo kazi inapoanza, maana "imekufa" inabeba mambo mengi. Feni inavuma? Inavuma, ila ukiweka moja au mbili iko kimya. Mpaka upeleke mwisho ndipo inaamka. Ikiamka inatoa nini? Baridi. Mshale wa joto kwenye dashibodi unasimama wapi? Katikati, kama siku zote. Na kioo cha mbele? Ukungu mtupu, mkono mmoja usukani, mwingine kitambaa. Hilo la kioo ndilo linalonikera kuliko miguu kuganda. Dereva asiyeona mbele hana lori, ana tani kadhaa za bahati.

"Mzee wangu, maji huwa unaongeza?"

"Mara moja moja. Kidogo tu."

"Kulanti au maji?"

"Maji tu, fundi." Si kulanti, kimiminika chenye dawa cha kupozea injini.

Anaongeza kwamba gereji moja walishambadilishia thamostati, vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate moto, kwa tatizo hilihili. Walipima nini kabla ya kubadili? Hajui. Aliona wanafungua, wanafunga, wanamkabidhi.

Nafungua kifuniko cha rejeta kwa mkono mtupu kwa sababu injini ni baridi. Ikiwa moto sigusi, na kijana wangu wa kazi analijua hilo kabla hajajua jina la spana yoyote: kifuniko kikishikilia mgandamizo wa karibu bar 1, maji ya ndani yanaweza kufika nyuzi 120 bila kuchemka, na ukifungua yanachemka yote kwa mpigo usoni mwako. Maji yamepungua, na yana rangi ya kutu. Kidole nikikiingiza shingoni kinatoka na utelezi wa kahawia.

Saa 2

Tunajaza hadi panapotakiwa kwanza. Maji yakipungua, pa kwanza kukauka ni kwenye hita, hasa kwenye lori, ambako kebini iko juu na rejeta ya hita nayo ipo juu. Upepo wote wa mfumo unapanda kukaa huko. Kuna hita nyingi "zilizokufa" ambazo zilihitaji lita mbili tu.

Kisha nawasha. Dizeli ikiwa silensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, haina haraka ya kupata moto, kwa hiyo ninao muda wa kumweleza kijana tunachotafuta. Hita ya namna hii haitengenezi joto, inaliazima. Maji ya injini yanapita kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni inapitisha hewa katikati ya mapezi yake, hewa inatoka na joto. Basi kuna njia mbili za kukagua, ya maji na ya hewa, na lori hili linalalamika kotekote. Nampa sheria ya mipira miwili inayoingia na kutoka hita. Yote miwili ikiwa moto, maji hayana kosa. Nenda ndani ukatafute kibao cha hewa kilichokwama au waya wake uliokatika. Yote miwili ikiwa vuguvugu, rudi kwenye injini: maji machache, thamostati iliyobaki wazi, au wota pampu, ile inayosukuma maji. Mmoja moto na mwingine baridi, maji yanafika mlangoni lakini hayapiti.

Mpira mkubwa wa juu wa rejeta unabaki baridi muda mrefu, halafu ghafla unapata moto. Hivyo ndivyo thamostati nzima inavyofanya kazi. Ingekuwa imebaki wazi, mpira ule ungepata moto polepole tangu mwanzo na mshale usingefika katikati. Kwa maneno mengine, thamostati mpya aliyonunua haikuhitajika, na mshale wa dashibodi ulikuwa unasema hivyo siku zote.

Nalenga kipima joto. Kwenye nyumba ya thamostati, nyuzi 84. Mpira unaoingia hita, 77. Unaotoka, 31.

Kijana anaushika wa kwanza anauachia haraka, anaushika wa pili anautuliza mkononi. Hahitaji namba.

Saa 3

Kabla ya kuilaumu rejeta ya hita kuna vitu viwili vya kuviondoa mashaka. Koki ya hita, kwanza. Kwenye malori ya zamani inavutwa kwa waya kutoka dashibodi, na klipu inayoshika ganda la waya ikilegea, mkono wa ndani unafika mwisho wakati koki yenyewe imefunguka robo. Kijana anausukuma mkono wa ndani hadi mwisho, mimi naangalia nje: mkono wa koki uko mwisho wake. Napima bomba baada ya koki, bado 77. Koki imepona.

Upepo, pili. Hita hii ina skrubu ndogo ya kutolea upepo sehemu ya juu. Nailegeza: inafuka kidogo, inatema mapovu, halafu yanafuata maji ya kahawia, lakini kwa unyonge. Naifunga, napima tena mpira wa kutokea. 36. Basi hapo hakuna ubishi tena, rejeta ya hita imeziba.

Saa 4

Injini inapoa. Badala ya kukaa kuitazama naingia kwenye feni.

Feni inayofanya kazi spidi ya mwisho tu inajitaja yenyewe. Spidi za chini zinapitisha umeme kwenye rezista ili kuupunguza. Spidi ya mwisho inairuka rezista, umeme unakwenda moja kwa moja. Kwa hiyo fyuzi ni nzima, mota ni nzima, swichi haina kosa upande huo. Rezista ndiyo iliyokatika. Naitoa, na kweli, moja ya nyaya zake zilizosokotwa imekatika katikati na ncha zimekuwa nyeusi. Soketi yake pia imeyeyuka pembeni.

Wengi wanaishia hapo: toa, weka mpya, funga. Lakini rezista haiungui bila sababu. Inakaa ndani ya mkondo wa hewa kwa makusudi, ili feni iipoze. Nafungua mlango wa kuingizia hewa, natoa majani makavu na vumbi lililogandamana, konzi kwa konzi. Kisha nazungusha feni kwa mkono. Inazunguka kwa uzito, inasimama upesi. Mota ngumu inavuta umeme mwingi kuliko inavyostahili, na umeme huo wote unapita kwenye rezista. Tunaitoa mota, tunasafisha mhimili, tunatia mafuta kidogo kwenye bushi, tunairudisha. Nafunga mita kwenye waya wake kabla na baada: ampea zimeshuka karibu theluthi. Sasa rezista mpya ina haki ya kuwekwa, pamoja na soketi mpya.

Saa 6 mchana

Mipira ya hita. Hapa ndipo mafundi wenye mikono ya haraka wanapozaa kazi nyingine. Mpira wa zamani umegandana na bomba, na kishawishi ni kuushika kwa plaizi na kuuzungusha. Bomba lile ni shaba nyembamba iliyolehemewa kwenye rejeta ya hita; ukilizungusha, linapasuka kwenye shingo, na ili kuifikia rejeta inabidi ung'oe dashibodi nzima. Nachana mpira kwa kisu kwa urefu, taratibu, nisiguse shaba, naubandua kama ganda. Mipira yenyewe imevimba na kulainika ncha zote mbili, ilikuwa ya kubadilishwa vyovyote vile.

Namwelekeza kijana aweke ndoo chini ya bomba la kuingilia, kisha napeleka maji kupitia bomba la kutokea. Kinyumenyume, maana uchafu umejishindilia kufuata njia ya maji, na njia rahisi ya kutoka ni ile uliyoingilia. Mgandamizo mdogo tu. Kuna watu wanaweka kompresa. Kwenye rejeta ya umri huu, mimi siweki.

Mwanzoni maji yanadondoka. Halafu kinatoka kitu kama tope, magamba ya kutu, na baadaye vipande vyeusi vinavyonata ambavyo si kutu. Nakibinya kimoja kati ya vidole, kinavutika.

"Mzee wangu, kuna siku rejeta ilivuja?"

Anafikiri. "Ilivuja, wakaweka dawa ya kuziba."

Dawa ile haichagui. Inaziba tundu la rejeta kubwa, na inaziba mirija myembamba ya hita kwa moyo uleule. Kama uko njiani na hakuna namna nyingine, itie ufike. Lakini ukifika, mwaga maji yote na utengeneze panapovuja.

Naingiza maji vuguvugu yenye asidi ya sitriki, yale kwa ajili ya kutu na magamba, nayaacha nusu saa, nasuuza kinyume, nasuuza tena kwa mbele. Sasa maji yanatoka kwa mkondo mmoja mnene na yana uangavu.

Saa 8

Kusafisha hita na kuiacha injini na maji yaleyale ya kutu ni kujitafutia mteja wa kurudi. Tunamwaga yote, tunasuuza injini mpaka maji yatoke safi. Yaliyotoka yanaingia kwenye pipa lenye kifuniko, hayaendi mtaroni. Hata kulanti iliyochujuka ina glaikoli, na ina utamu unaovutia mbwa wakati ni sumu kwao na kwa paka.

Kisha napampu hewa kwenye mfumo mtupu hadi bar 1 kupitia shingo ya rejeta, naondoka, narudi baada ya robo saa. Mshale wa pampu haujasogea. Nanyanyua zulia upande wa abiria, pakavu. Kama rejeta ya hita ingekuwa inavuja, kungekuwa na unyevu pale, harufu tamu kebini, na ukungu wa kioo ungekuwa na mafuta mafuta.

Kulanti mpya, ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, nachanganya nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini. Mchanganyiko huo wa glaikoli unafika karibu nyuzi 37 chini ya sifuri kabla ya kuganda. Rangi ya kulanti sifuati. Watengenezaji hawakukubaliana juu ya rangi.

Saa 9

Kujaza. Koki ya hita wazi kabisa, pua ya lori juu ya kilima, skrubu ya upepo imelegezwa. Unamimina polepole kuliko unavyotaka. Injini mizunguko 1,500 kwa dakika, mapovu, kuongeza, mapovu, kuongeza, mpaka skrubu iteme maji matupu.

Saa 10

Mpira wa kuingia 82, wa kutoka 67. Hewa kwenye tundu la miguu nyuzi 51, wakati nje ni 9. Feni inaitika moja, mbili, tatu.

Tunatoka barabarani na dereva. Kioo kinasafika kuanzia chini kwenda juu, naye kitambaa chake kiko palepale juu ya dashibodi. Tukirudi namwambia kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, aangalie kiwango cha kulanti kabla ya kuwasha. Upepo uliojificha hutoka siku ya kwanza na kiwango hushuka kidogo. Aongeze mchanganyiko niliompa kwenye kidumu, si maji.

"Sawa. Lakini sasa inanichoma miguu, fundi. Inapunguzwa wapi?"

Namwonyesha mkono wa koki kwenye dashibodi. Anauvuta, hausogei; kwa muda wote ambao hita ilikuwa baridi hakuwa na sababu ya kuugusa isipokuwa kuusukuma mwisho. Nafungua tena boneti, nauchomoa waya kwenye ganda lake, nautia mafuta.