Skripti iliyohesabu sekunde badala ya kukagua diski

Seva ya Linux iliyogawa mafaili ya ofisi yetu kwa NFS, yaani njia ya kutumia mafaili kupitia mtandao, niliirithi pamoja na skripti yake ya kuwashia, ambayo ilikuwa fupi mno: ilianza kukagua na kupachika diski ya data kwenye /data (yaani kuiunganisha na folda hiyo), ikalala sekunde 30, kisha ikatekeleza exportfs -a, amri ya kutangaza folda kwa kompyuta nyingine, na kuwasha huduma. Nani alichagua 30, sikuwahi kujua.

Asubuhi moja, umeme uliporudi baada ya kukatika usiku, fsck, programu ya kukagua mfumo wa mafaili, iliikagua diski hiyo kwa zaidi ya dakika kumi, na skripti, ambayo haikuwa na habari hiyo, ikaitangaza /data ikiwa folda tupu. Wenzangu wawili wa uhasibu, wakidhani kazi yao imefutika, walianza kuandika upya. Walichoandika kiliingia kwenye diski ya mfumo, na nilipozima na kuwasha tena huduma, diski halisi ikiwa imekwisha kupachikwa, kazi hiyo ikafunikwa. Niliipata kwa mount --bind / /mnt, amri ambayo huonyesha kilicho chini ya sehemu ya kupachikia.

Siku hiyohiyo niliiondoa sleep, ile amri ya kulala. Skripti mpya huuliza kwa mountpoint -q /data, kila baada ya sekunde tano, kama diski imepachikwa, na ikifika nusu saa bila jibu zuri, huandika kosa kwenye logi kwa amri ya logger na kutoka bila kutangaza chochote. Rpcbind, huduma inayoweka orodha ya huduma nyingine na milango yao, huwashwa kwanza, kwa kuwa mountd, inayopokea maombi ya wateja ya kupachika, hujiandikisha kwake. Katika /etc/exports, faili lenye orodha ya folda za kutangazwa, niliongeza chaguo la mp, linalozuia folda kutangazwa ikiwa diski haijapachikwa. Na folda tupu yenyewe niliifunga kwa chattr +i, ili kisiandikwe chochote ndani yake, pengine kwa woga kupita kiasi.

Upande wa kuzima nao ulihitaji mpangilio wa kinyume: exportfs -au ya kuondoa matangazo yote, kusimamisha nfsd (huduma yenyewe ya NFS), ndipo kubandua diski, ambayo awali ilikuwa ikigoma kubanduka kwa sababu bado inatumika. Kilichonichanganya kwa muda ni wateja wa NFSv4, yaani kompyuta zinazotumia toleo la nne la NFS, kuganda kila huduma ilipowashwa upya, hadi nilipotambua kwamba seva huwapa sekunde 90 za kudai kufuli zao za zamani za mafaili kabla ya kutoa mpya.

Nilijaribu kwa kuchomoa waya wa diski na kuwasha seva. Kompyuta ya uhasibu ilikataliwa, na kwenye logi ukawapo mstari mmoja: /data haijapachikwa.