Waya ulionifundisha kupima mguu

Nilipewa eksirei za wagonjwa 30 waliowekewa goti bandia, nipime kila mguu umenyooka kiasi gani. Nikaona kazi ya mchana mmoja. Si mistari miwili tu? Wa kwanza unatoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja, kule nyongani, hadi katikati ya goti. Wa pili unatoka hapo gotini hadi katikati ya kifundo cha mguu. Pembe ikiwa digrii 180, mguu umenyooka. Kwa kawaida, tofauti isiyozidi digrii 3 upande wowote huhesabiwa kuwa sawa.

Nilianza na picha fupi za goti peke yake, maana ndizo zilizokuwa tele. Nikapoteza siku mbili. Nyonga haimo, kifundo hakimo, unabaki kufuata mfupa wenyewe, na mfupa wa paja hupishana na mstari wa nyonga hadi goti kwa digrii 5 hadi 7 hivi. Nikaomba zile ndefu, zinazopigwa mgonjwa akiwa amesimama. Kichwa cha paja nikaacha kukikisia kwa jicho. Nilikizungushia duara, kitovu chake kikajitokeza chenyewe.

Kilichonitoa jasho ni mguu mmoja. Picha ya wiki chache baada ya upasuaji ilisoma 175, matege kabisa. Ya miezi kadhaa baadaye ikasoma 179. Vyuma havikusogea hata kidogo. Nilipima upya mara tatu, nikashuku programu, nikajishuku mwenyewe.

Ndipo nikaitazama pia ya goti, kile kifupa cha mviringo kilicho mbele ya goti. Kwenye picha ya kwanza ilikuwa imekaa upande wa nje, haikutazama mbele. Goti lilikuwa bado limevimba, halikunyooka vizuri, na mguu mzima umegeukia nje.

Usiku nilikunja waya kidogo katikati, nikausimamisha kati ya taa na ukuta. Kona ikiitazama taa, kivuli kinanyooka. Nikauzungusha kidogo tu, kivuli kikaota matege.

Siku hizi natazama pia ya goti kabla sijagusa rula. Kila picha naipima mara mbili, wiki mbili zikipita katikati, majibu ya mwanzo nimeyaficha. Ile ya 175 niliiandikia "haipimiki". Mwenzangu akaniuliza kwa nini natupa picha safi namna ile. Nikamkabidhi waya.