Mwezi Umechelewa: nilivyoandika hadithi za kutisha zisizo na mganga

Hadithi yangu ya kwanza ya kutisha iliwachekesha watu. Niliichapa mwenyewe dukani, kurasa 16, nikawapa wasichana watatu wa kidato cha pili waliokuja kutoa kopi. Ilikuwa na kila kitu: mwezi mpevu, makaburi, bundi, kikongwe mwenye macho mekundu, na msichana anayesikia sauti usiku akatoka nje peke yake kwenda kuangalia. Kesho yake walirudi. Mmoja akaniuliza, "Anti, huyu katoka kwenda wapi?"

Nikamwambia kasikia sauti.

"Sisi kwetu ukisikia sauti unajifunika shuka. Hata mkojo unamalizia kwenye kopo. Huyu katoka kufanya nini?"

Wenzake walicheka mpaka wakaegemea kaunta. Nilicheka nao, lakini walipoondoka nilikaa na lile neno kopo mpaka jioni.

Nina duka la steshenari Lindi mjini, si mbali na stendi. Kopi, barua za maombi, kulamineti vyeti, picha za pasipoti. Hadithi naziandika kati ya saa nane na saa kumi mchana, wateja wakiwa wamepungua kwa jua na mashine nimeizima ipoe. Nalisema hili kwa sababu kuna wanaoniuliza kama huwa naandika usiku wa manane nimewasha mshumaa. Usiku nalala.

Sasa hilo kopo. Mimi nimekulia kijijini, ndani huko, choo kikiwa nje, hatua kama ishirini kutoka mlango wa uani. Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa shule ya msingi, na kila nyumba ilikuwa na kopo au ndoo ya usiku. Hatukuhitaji kuelezwa sababu. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu 563 Tanzania, wakajeruhi wengine zaidi ya 300, na sehemu kubwa ya balaa hilo ilikuwa huku kwetu, Lindi na Mtwara, kupanda mpaka Rufiji. Mnyama anayemleta simba karibu na watu ni nguruwe pori. Mahindi na mtama vikikomaa, Machi na Aprili, nguruwe wanaingia shambani, mwenye shamba anahamia kwenye dungu kulinda, na simba anawafuata nguruwe. Usiku mmoja anakuta kitoweo kingine, kimelala na hakikimbii.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani, halafu nikaenda kuandika bundi! Nadhani nilidhani hadithi ya kutisha ni ile niliyoizoea kwa wengine, na ya kwetu ni habari tu, ya kusimuliana msibani.

Nikafunga duka siku mbili nikaenda kwa bibi. Nilimkuta barazani anachambua choroko. Baada ya shikamoo na habari za mji nikamweleza nataka kuandika kuhusu simba, na kwamba nimeanza na usiku wa mwezi mpevu. Akaacha ungo.

"Mke mwenzangu, mwezi mpevu una nini? Mwezi kumi na nne, kumi na tano, ndio tulikuwa tunacheza nje mpaka tunafukuzwa. Unamwona mtu tangu kule kwenye mkorosho. Wa kuogopa ni kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Jua limezama, mwezi haujatoka, na nyinyi mmeshazoea mwanga wa jana, mnajisahau nje."

Aliendelea na choroko zake. Mimi nilikuwa nimeshapata mfululizo mzima wa vitabu, na jina lake: *Mwezi Umechelewa*.

Baadaye nilikuja kujua kwamba watafiti waliopitia kumbukumbu za mashambulizi ya simba kusini mwa Tanzania walichapisha jambo hilohilo mwaka 2011: watu wengi walishambuliwa kati ya magharibi na kama saa nne kasorobo usiku, na hatari ilipanda siku zile zinazofuata mwezi mpevu. Mwezi unachelewa kuchomoza kama dakika hamsini kila siku. Simba aliyekaa na njaa kwenye mbalamwezi, wanyama wote wakimwona, anapata kiza chake cha kwanza saa ambayo watu bado wanaosha vyombo. Bibi hakushangaa nilipomwambia. Aliuliza tu kama walilipwa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza niliyoivunja ni ya mwezi. Sura zangu hazina majina, zina tarehe za mwandamo: Mwezi 15, Mwezi 16, Mwezi 17. Wasomaji wangu wengi wamekulia kwenye nyumba ambazo tarehe hizo zinahesabiwa kwa ajili ya Ramadhani na maulidi, hawana haja ya maelezo. Kwenye Mwezi 15 naweka furaha tupu, watoto wanacheza kombolela, mtu anaposwa. Msomaji aliyeshazoea mchezo wangu anaanza kuogopa hapo hapo, kwenye furaha.

Ya pili ni kutotoka nje. Mhusika wangu mkuu, Somoe, ana miaka kumi na minne na ana akili kama ya wale wasichana wa dukani. Akisikia kitu hatoki. Kumbe hapo ndipo nilipopata tabu, maana mtu asipotoka hadithi inakwama. Niliandika sura moja mara saba. Mdogo wake Somoe, mtoto wa miaka sita, anashikwa na tumbo la kuendesha usiku wa mwezi 18, na kopo halitoshi kwa kazi hiyo. Mlango wa uani, hatua ishirini, choo cha makuti. Katika rasimu za mwanzo simba aliruka. Kila aliporuka, sura ilikufa. Ilikuwa kama mtu anakupigia kelele sikioni halafu anakuuliza kama umeogopa. Mara ya saba nilimwondoa simba kabisa. Somoe anamshika mdogo wake mkono, wanahesabu hatua kwa kunong'ona. Wakifika hatua ya kumi na moja mtoto anasema, "Dada, kuku wamenyamaza." Wanaendelea. Mtoto anamaliza haja, wanarudi, wanafunga komeo. Basi, hakuna kilichotokea. Asubuhi mama anafagia uani na anafagia haraka, akiwa amewapa mgongo, kufuta kitu mchangani kabla hawajaamka vizuri.

Sura hiyo ina kurasa tisa. Mama mmoja alikuja dukani kunilalamikia kwamba mwanawe, mvulana wa kidato cha tatu mwenye ndevu zinazoanza, anamwamsha baba yake ampeleke chooni, na choo chao kiko ndani. Nilimpa pole, na moyoni nikashukuru.

Simba wangu haonekani mpaka kitabu cha tatu, na akionekana ana jino bovu. Hili sikulibuni. Yule simba aliyesumbua Rufiji mpaka akapigwa risasi mwaka 2004 alikutwa na jipu kwenye jino. Nilipolijua hilo nilibadilisha kurasa kama thelathini. Dubwana linalougua ni gumu kulichukia, na Somoe mwenyewe kwenye kitabu cha kwanza nilikuwa nimeshampa maumivu ya jino kwa bahati tu. Kuna bahati ambazo mwandishi hapaswi kuzikataa.

Kanuni ya mwisho ndiyo iliyonigharimu. Nilipeleka kitabu cha kwanza na cha pili kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam. Alivipenda, akasema lakini mwisho haujakaa sawa: nani anamtuma huyu simba? Weka mchawi, kisha alete mganga au shehe amalize kazi, wasomaji wanataka kumjua mbaya. Nikamwomba siku chache nifikirie.

Sikuhitaji siku nyingi. Huku kwetu simba akiua watu wawili, la kwanza linalosemwa ni kwamba huyo si simba wa kawaida, ni simba wa kutumwa. Likishasemwa, macho yanaanza kutafuta mtumaji, na mara nyingi yanatua kwa mtu yuleyule, mjane anayeishi peke yake, mwenye macho yaliyoiva kwa moshi wa miaka sitini ya kuni. Yule kikongwe mwenye macho mekundu wa hadithi yangu ya kwanza nilikuwa nimemchora bila kufikiri, na bibi yangu ana macho hayohayo. Nikampigia yule mchapishaji nikamwambia asante, nitachapa mwenyewe.

Kitabu cha tatu kikawa ndicho cha kutisha kuliko vyote, ingawa simba anaua mtu mmoja tu humo. Kijiji kinamtafuta mtumaji. Wanaanza kwa heshima, wanamsalimia bibi yake Somoe shikamoo wakiwa wamesimama mbali kidogo kuliko jana. Watoto hawatumwi tena kwake kuomba moto. Mtu anamuuliza, kwa upole kabisa, kwa nini shamba lake nguruwe hawajaligusa. Niliandika hilo swali mchana, jua linawaka, wateja wawili wako mbele yangu, na nywele zikanisimama.

Kuchapa ni habari fupi. Karatasi ya A4 ukiikunja katikati unapata kurasa nne, kwa hiyo kitabu lazima kigawanyike kwa nne. Cha pili kilitoka kurasa 49 nikakata aya nzima niliyokuwa naipenda. Stepla ya mkono mrefu niliazima. Nauza shilingi 1,500, wanafunzi wananunua kimoja wanasoma kumi. Sijatajirika.

Kitabu cha kwanza nilipokimaliza nilichapa nakala 60, nikabana pini zote, nikachukua moja kumpelekea bibi. Hasomi, kwa hiyo nilimsomea jioni moja mpaka kiza kikaingia. Alisikiliza sura zote bila neno, mpaka kwenye mstari ambapo mbwa wa jirani wanabweka kwa nguvu. Akanishika goti.

"Hapo umekosea. Mbwa wakibweka ni fisi, au mgeni. Yeye akija mbwa wanaingia uvunguni, na hawalii."

Nilirudi Lindi na basi la asubuhi. Nikachapa upya karatasi moja mara 60, nikakaa na kisu cha mezani, nikafungua pini za vitabu vyote kimoja baada ya kingine.