Nilivyobana picha za skrini kwa libjpeg hadi zikanyooka

Picha ya kwanza iliyotoka kwenye programu yangu ilikuwa imepinda kama shuka lililovutwa kona moja. Madirisha yamelalia kulia, maandishi hayasomeki, rangi zimevurugika kila mstari na yake. Programu yenyewe haikulalamika hata kidogo: iliandika faili, ikafunga.

Nilikuwa naandika programu ya C inayopiga picha ya skrini kila dakika na kuitunza. Skrini ni ya 1366 kwa 768, kila pikseli baiti tatu, kwa hiyo picha moja ghafi inapita megabaiti 3. Kwa siku nzima ni picha 1440, zaidi ya gigabaiti 4. Lazima kubana. Nikachagua libjpeg, maktaba ya kubana picha kuwa JPEG ya Independent JPEG Group, iliyoanza kutolewa mwaka 1991, katika toleo la libjpeg-turbo ambalo hutumia maagizo ya prosesa yanayokokotoa namba nyingi kwa mpigo mmoja. Kuiweka hakuna shida. Angalia tu stdio.h itangulie jpeglib.h, na -ljpeg ikae mwisho wa amri ya kukompaili.

Nikaomba msaada. Wa kwanza akaniambia nipandishe ubora hadi 100. Nikapandisha, faili likanenepa mara kadhaa na picha ikabaki imepinda vile vile. Wa pili akasema niachane na maktaba, niite programu nyingine kwa system(). Hadi leo ushauri ule unaniudhi, kwa sababu hakuna aliyeniuliza swali moja la maana: picha yako ina upana gani?

Nikaamua kutafuta mwenyewe. Nilifungua dirisha jeupe tupu, nikachora mstari mmoja mweusi wima, halafu nikawa nakata vipande vya skrini vyenye mstari ule, kila kimoja kikimzidi mwenzake pikseli moja kwa upana. Kipande cha pikseli 64: mstari umesimama wima. Cha 65: umeinama kidogo. Cha 66: umeinama zaidi. Cha 67: umelala kuliko yote. Nikakata cha 68, na mstari ukasimama tena kama mlingoti. Nilipiga meza kwa furaha. Upana unaogawanyika kwa 4 unapona, usiogawanyika unapinda, na kadiri baki linavyokua ndivyo mstari unavyolala.

Maana yake ni hii. Picha nilikuwa naipata kupitia gdk-pixbuf, maktaba nyingine ya kushika picha kwenye kumbukumbu, nayo huanzisha kila mstari kwenye baiti inayogawanyika kwa 4. Pikseli 1366 mara tatu ni baiti 4098. Hiyo haigawanyiki, kwa hiyo mwisho wa kila mstari zinaongezwa baiti 2 za kujazia, zinakuwa 4100. Mimi nilikuwa naruka 4098. Kila mstari ulichelewa baiti 2 zaidi ya uliotangulia, na kufikia mstari wa mwisho picha imeshasogea pikseli 511. Tena baiti 2 si pikseli kamili, ndiyo maana nyekundu ilikuwa inasomwa mahali pa kijani na rangi zote zikachafuka.

Dawa yake ni neno moja. Pale nilipoandika 1366 * 3 nikaweka thamani inayorudishwa na gdk_pixbuf_get_rowstride, yaani hatua ya mstari: baiti ngapi toka mwanzo wa mstari mmoja hadi mwanzo wa unaofuata. Basi. jpeg_write_scanlines, fanksheni ya libjpeg inayoandika mistari ya picha, inapokea pointa (anwani ya kumbukumbu) ya mwanzo wa kila mstari, haijali mistari imeachana kiasi gani, na huo ni ubunifu ninaouheshimu sana. Usikokotoe hatua ya mstari kwa kichwa chako. Iulize maktaba iliyokupa picha.

Picha zikanyooka, lakini herufi nyekundu zilionekana kama zimemwagiwa maji. Hapo ndipo ule ubora wa 100 ungenidanganya tena. Baada ya jpeg_set_defaults, inayoweka mipangilio ya kawaida, maktaba hupunguza taarifa za rangi hadi nusu kwa upana na nusu kwa kimo. Kwa picha ya mandhari huoni tofauti, kwa maandishi unaiona papo hapo. Nikaweka h_samp_factor na v_samp_factor za comp_info[0] ziwe 1 ili rangi zisipunguzwe tena, ubora nikauacha 85, na herufi zikasomeka bila faili kukua sana.

Kilichonisumbua kuliko vyote kilitokea usiku. Asubuhi nilikuta programu imekufa, rekodi yake haina neno. Kumbe diski ilijaa, na libjpeg ikikutana na kosa kubwa, kwa kawaida yake huandika ujumbe kwenye stderr (njia ya ujumbe wa makosa, si rekodi yangu) kisha huita exit(). Programu nzima inazimwa na maktaba ya picha! Kwa programu inayokaa macho siku nzima hilo halikubaliki.

Nikaandika error_exit yangu, fanksheni ambayo libjpeg huiita ikikutana na kosa kubwa, inayorudi kwa longjmp hadi mahali nilipoweka alama kwa setjmp. Strakti yako ianze na jpeg_error_mgr, strakti ya libjpeg ya makosa, kama kitu cha kwanza kabisa, la sivyo pointa utakayoigeuza itaangukia mahali pasipo pake. Na kigezo chochote cha ndani ya fanksheni unachokibadilisha baada ya setjmp kitangazwe volatile, maana ukirudi kwa longjmp thamani yake haina uhakika. Mimi bafa yangu ilipotea hivyo hivyo mara tu nilipokompaili kwa -O2, chaguo la kuharakisha programu.

Kujaribu hili huhitaji kujaza diski. Linux ina /dev/full, faili linalokataa kila unachoandika kana kwamba nafasi imeisha. Nikaielekeza programu huko. Rekodi ikaandika "Output file write error --- out of disk space?", kumbukumbu ikaachiliwa, na dakika iliyofuata programu ikajaribu tena, ikiwa hai.